Kabla hujauza mbegu yako mpya
Jamani wanagrupu, wenye aina mpya za mimea someni hii kabla hamjauza chochote. Kwa mkataba wa UPOV (umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea) wa 1991, ukiomba haki ya mgunduzi, yaani ulinzi wa aina mpya uliyoizalisha, aina yako isiwe imeanza kuuzwa zaidi ya mwaka 1 nyuma ndani ya nchi unayoombea, nje ya nchi hiyo ni miaka 4 (miti na mizabibu 6), ukipitiliza hapo basi imekula kwako hata kama umehangaika nayo shambani miaka kumi, na hili linaniuma sana maana wengi tunauza kwanza makaratasi baadaye. Ulinzi wenyewe ni angalau miaka 20, miti na mizabibu 25. Mwenye aina tayari aniandikie inboksi leo, tukae tujaze fomu pamoja.