Risala ya Kikundi cha Mradi wa Mtiririko wa Maji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Ufundi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito ukapanda kilima hiki cha mawe kuja kwetu. Karibu sana.

Kikundi kilianza na wanafunzi 6 na ndoo mbili. Leo tuko 24, na tunathubutu kusema hakuna kikundi hapa chuoni kilichofika tulipofika. Tumerudia jaribio la mhandisi Osborne Reynolds la mwaka 1883: tulipitisha rangi kwenye bomba la kioo, tukauona uzi wake ukinyooka maji yakienda taratibu, kisha ukivurugika koki ilipofunguliwa zaidi. Tumepima pia mabomba mawili ya mita 20 kutoka tanki moja. La inchi moja lilijaza ndoo ya lita 20 kwa nusu dakika. La nusu inchi, karibu dakika tatu. Fundi anayebana gharama kwa bomba jembamba anamkomoa mama wa mlimani anayekinga maji.

Mheshimiwa, hapa tunaomba utusikilize kwa makini. Hatuna pampu. Tukipima, maji tankini yanashuka, presha inashuka nayo, na vipimo vya mwisho havilingani na vya kwanza. Tanki lenyewe ni la jikoni. Wapishi wakilihitaji, somo limekwisha. Na hii ni Mwanza: ziwa tunaliona kutoka mlangoni, lakini maji hayapandi kilima cha Bugando bila kusukumwa. Kila mita 10 za kupanda hula presha ya takriban ba 1 (ba ni kizio cha presha). Tutajifunzaje kusukuma maji bila pampu?

Ombi hili si geni. Mwaka juzi mgeni wetu aliahidi pampu ndani ya miezi mitatu. Tulishangilia, tukachangishana, tukamwaga zege la kuifungia. Mwaka jana tukaambiwa suala liko kwenye mchakato. Zege lipo nyuma ya karakana, boliti zimeota kutu. Tunakuomba ulipitie kabla ya chakula.

Tunahitaji pampu moja ya umeme, geji mbili za presha, mita moja ya maji, na tanki la lita 1,000 ili maji yaleyale yazunguke. Mabomba tunayo, na kuifunga tutaifunga wenyewe. Kwa heshima zote, tunaomba leo ututajie tarehe, katibu wetu aiandike ukiwa bado umeketi nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.