Mjukuu wangu anadai saa sita na nusu za masomo

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kuandika gazetini nilikuwa bado nashika chaki. Ile habari yenu ya wanafunzi waliotolewa darasani kwenda kuimba kwenye mapokezi ya chama imenishinda kuinyamazia, maana kwangu nako imebisha hodi.

Mjukuu wangu yuko darasa la nne. Jumatano ile aliondoka alfajiri na uji tumboni, akarudi saa kumi jioni midomo imemkauka, soksi nyeupe zimekuwa rangi ya udongo, mkononi kibendera cha karatasi kwenye kijiti. Walipangwa kando ya barabara tangu saa mbili asubuhi. Msafara ulipita saa nane na nusu, vioo vimefungwa, ukawaachia vumbi. Nikamuuliza mmesoma nini leo. Akaniimbia beti nne za kumsifu mgombea, mkono kiunoni, hakukosea hata neno. Nikamuuliza saba mara nane. Akatazama chini.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu mkuu. “Mama, maagizo yametoka juu,” akanijibu, “na isitoshe haikuwa shuleni, ilikuwa barabarani.” Haikuwa shuleni! Mtoto amevaa sare, amepangwa mstari na mwalimu wa zamu, ni saa ya kipindi cha Hisabati, halafu naambiwa hayuko shuleni kwa kuwa amekanyaga lami? Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, kifungu cha 12, inamkataza mtu au taasisi yoyote kumruhusu mwanafunzi kufanya shughuli za siasa shuleni, na wanaotoa maagizo wanaijua kuliko mimi. Nami nasema haya nikiwa na deni. Enzi za chama kimoja nilifundisha somo la Siasa, nikawachapa watoto walioshindwa kukariri ahadi za mwanachama, “nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko”, watoto wasiojua hata kura ni kitu gani. Ninajuta mpaka leo. Vyama vingi vilipokuja na matawi ya chama yakaondolewa makazini, nilimshukuru Mungu, nikidhani hakuna mtoto atakayefanyiwa tena vile nilivyowafanyia wale wangu.

Na haya madaftari ya msaada yenye sura ya mgombea kwenye jalada! Mtoto anaandika jina lake chini ya kidevu cha mtu mzima anayetafuta kura. Tunaambiwa elimu haina ada tangu 2016, lakini michango ya mlinzi na ya mitihani haijakoma, kwa hiyo mzazi asiye na hela ya daftari atalikataa vipi la bure? Wanalijua hilo, ndiyo maana wanayaleta.

Ninachotaka ni hiki. Kila mtoto anapotolewa darasani kwa ajili ya msafara, mwalimu wa darasa aandike kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la mahudhurio: ametolewa saa ngapi, amerudi saa ngapi, nani ameagiza. Mwalimu mkuu atie sahihi, nakala iende kwa mthibiti ubora wa shule na nyingine ibandikwe ubaoni wazazi tuisome. Kisha saa hizo zifidiwe Jumamosi, na aliyeagiza awepo darasani tangu kipindi cha kwanza mpaka cha mwisho. Tuanze na Jumatano ile.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro