"Tutalipa, Ila Gari Lije"

Kila tunapopita nyumba kwa nyumba kuuliza iwapo wakazi wako tayari kuongeza ada ya kuzolewa taka, jibu huwa karibu lile lile: watalipa, ila gari lije. Ndani ya "ila" hiyo ndimo lilimo tatizo lote, nasi tumeona ni vyema tuwaeleze wateja wetu wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, hapa jijini Tanga, jinsi tunavyolielewa.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulidhani anayekataa kulipa hana uwezo, kumbe wengi walikwisha kulipa siku za nyuma, wakapewa stakabadhi, kisha viroba vyao vikakaa nje ya baraza hadi vikapasuliwa na kunguru. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hatuwezi kumlaumu.

Halafu zipo nyumba za wapangaji wengi, ambamo mwenye nyumba husema taka ni za wapangaji, na wapangaji husema ada imo ndani ya kodi. Kwa sababu hiyo sasa tunatoza kwa kaya, na kila kaya hupewa stakabadhi yake.

Gharama yetu kubwa ni safari ya dampo. Sehemu kubwa ya taka za majumbani ni mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, na msimu wa machungwa ya Muheza ukiwadia, maganda yasiyo na idadi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi huhifadhi taka katika viroba vya kufumwa, ambavyo masika huingiza maji kama chujio, hata gari likaelemewa kabla ya kujaa na kulazimika kwenda mara mbili. Dizeli ya safari hiyo ya pili husafirisha maji ya mvua tu. Ndiyo maana kaya inayotenga maganda kwenye ndoo yenye mfuniko tunaipunguzia ada, kwani maganda yakiwa safi tunawapelekea wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao Tanga haina uhaba nao.

Kuanzia sasa ada italipwa mwisho wa mwezi, baada ya huduma. Tukikosa zamu mbili, mwezi huo haulipiwi, na daftari la zamu litatunzwa na mjumbe wa mtaa, si dereva wetu.