Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakereza Mbao, Dodoma

Ndugu wanachama,

Niwashukuru mliofika. Tumekodi viti 40, na nikihesabu kutoka hapa nilipo waliokaa ni 17. Viti vitatu vya nyuma vina mabegi. Akidi imepatikana kwa sababu Katibu amepiga simu tangu alfajiri.

Shughuli za kawaida mnazijua: mafunzo ya kunoa patasi, banda letu la Nane Nane pale Nzuguni, mikanda mipya ya mashine mbili, michango ya misiba. Sitazirudia.

Niende kwenye magogo, maana najua ndiyo yaliyowaleta hata hao 17.

Mwezi Juni kamati ilinunua magogo mabichi 14, mwarobaini na mjakaranda, badala ya mbao kavu za mninga. Wapo waliosema Mwenyekiti amenunua kuni. Neno hilo limenifikia zaidi ya mara moja. Mninga nakubali, ni mti mtulivu, haupindi ovyo. Lakini ubao wa inchi mbili hautoi bakuli lenye kina, na bei yake hakuna asiyeijua. Mti mbichi unakerezeka kwa ulaini ukizunguka kwenye mashine, maranda yanatoka marefu, na patasi haichoki haraka.

Ubichi haukuwa kosa. Kosa ni matunzo. Magogo yalishushwa wakati wa kipupwe, upepo mkavu ukivuma kutwa. Ncha za gogo hupoteza maji haraka kuliko ubavu. Sehemu ya nje inasinyaa huku ya ndani bado imejaa maji, hapo ufa hauna budi. Tena mti husinyaa kwa kukizunguka kiini karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka gome kwenda kwenye kiini. Ndiyo maana gogo zima lenye kiini chake hupasuka hata ukiliombea dua. Nilisema siku ya kwanza: pasueni katikati, toeni kiini, pakeni ncha. Jumamosi ya kupasua walikuja watu wanne, nami nikiwa mmoja wao. Nta ya nyuki ya kupaka niliagiza Manyoni kwa fedha zangu. Risiti anazo Mweka Hazina. Sijadai.

Magogo matano yamekuwa kuni kweli, sifichi. Tisa yametoa mabakuli ghafi 63. Tuliyaacha na unene wa sehemu ya kumi ya kipenyo, yaani bakuli la sentimita 30 ukuta wake sentimita 3, ili likikauka na kupinda kama yai libaki na nyama ya kukerezwa duara tena. Yakafungwa kwenye mifuko ya khaki pamoja na maranda yake, yakawekwa stoo mbali na dirisha. (Kuna aliyependekeza mifuko ya plastiki. Ile ya kubebea ni marufuku tangu 2019, na bakuli bichi ndani ya plastiki huota ukungu.) Kila baada ya wiki mbili nayapima kwenye mizani, uzito ukiacha kushuka, limekauka.

Mwezi Agosti mwanachama mmoja, simtaji, alitoa manne akayaanika juani ili yawahi. Adhuhuri haikufika, yote yana nyufa. Ndiye anayesema kuni kuliko wote.

Hivyo mabakuli 41 yamekauka salama, 26 kati yake yameuzwa, manne ni hayo ya juani, na 18 bado. Mvua zimeanza, hewa ina unyevu, kwa hiyo hayo yatachelewa. Msianze kunipigia simu.

Ada. Daftari lina wanachama 52. Waliomaliza shilingi 2,000 za kila mwezi ni 19. Deni linakaribia shilingi 700,000, na baadhi ya wadaiwa wanatumia mashine za chama kila wiki, tena bila kufagia maranda. Kamati imewavumilia. Mimi binafsi nimewavumilia zaidi.

Mwakani tunatarajia banda la kukaushia lenye kivuli, fedha zikiruhusu, pengine na kipimo cha unyevu. Mungu akijalia tutaandaa pia mafunzo ya mpingo, mti unaokauka taratibu mno na kupasuka ukiharakishwa. Tarehe itatangazwa.

Hoja ya kununua magogo mengine iko kwenye ajenda namba sita. Naomba atakayeipinga awe amelipa ada. Ufunguo wa stoo ninao mimi, na anayetaka kuyaona hayo mabakuli 18 tutakwenda naye baada ya chai.

Mwenyekiti