Barua kwa Rehema: Clara Foltz na mlango wa Chuo cha Hastings

San Francisco, California

Rehema mwanangu,

Salamu nyingi za huku. Sisi tu wazima, ni baridi na ukungu tu. Ujumbe wako nimeupata, kwamba mnatakiwa kuwasilisha darasani habari za mwanamke mmoja aliyetangulia katika taaluma ya sheria. Kama hamjapangiwa jina, mchukue Clara Shortridge Foltz. Wengi humtaja kwa sifa tupu, mwanamke wa kwanza kuwa wakili California, wakaishia hapo. Namna alivyoifanya kazi yenyewe haisemwi, na hiyo ndiyo inayomfaa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Alizaliwa Indiana mwaka 1849, akaolewa akiwa na miaka 15. Miaka ya 1870 alikuwa San Jose na watoto watano, na mume asiyetegemewa. Enzi zile hukulazimika kupita chuoni ili uwe wakili: ulijisomea ofisini kwa wakili, kisha ukafanyiwa mtihani. Wakili wa kwanza aliyemwendea alimjibu kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani. Mwingine akamkubali. Lakini hata angesoma vitabu vyote vya ofisi ile, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Mwenendo wa Madai kilisema anayesajiliwa kuwa wakili ni raia "mwanamume mweupe".

Hapo ndipo uanzie uwasilishaji wako. Kule Illinois, Myra Bradwell alifaulu mtihani mwaka 1869, akakataliwa, akapeleka shauri hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kwa hoja ya Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayolinda haki za raia. Akashindwa mwaka 1873. Mwaka huohuo wa 1869, Iowa ilimsajili Arabella Mansfield ingawa sheria yao nayo ilitaja mwanamume mweupe, kwa sababu jaji alitumia kanuni ya tafsiri kwamba maneno ya kiume yanawajumuisha wanawake. Unaona hatari yake: haki yako inategemea umeangukia kwa jaji gani. Uingereza ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1913, katika shauri la Gwyneth Bebb, sheria ya mawakili ilikuwa na kanuni hiyohiyo ya tafsiri, na bado mahakama ikasema mwanamke hawezi kusajiliwa, kwa kuwa desturi haijawahi kumtambua. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1919.

Foltz alikwenda kwenye maandishi yenyewe. Aliandika muswada mfupi wa kukirekebisha kifungu cha 275, maneno "mwanamume mweupe" yakatoka, ikabaki "raia au mtu" aliyetangaza nia ya kuwa raia. Yeye na Laura de Force Gordon, mpigania haki za wanawake mwenzake, wakawa wanawafuata wabunge mmoja mmoja Sacramento, makao makuu ya jimbo. Katika bunge la jimbo muswada ulianguka kwanza, ukarudishwa kupigiwa kura upya, ukapita kwa tofauti ndogo. Gavana William Irwin aliutia saini Aprili 1878, muda wa kuutia saini ukiwa umekaribia kwisha. Septemba mwaka huo Foltz akaapishwa San Jose.

Usiliache jambo hili: neno "mweupe" liliondoka pia, lakini sharti la uraia likabaki, na Wachina walizuiwa kupewa uraia. Kwa sababu hiyo Hong Yen Chang, msomi wa sheria kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, alikataliwa California mwaka 1890. Mahakama ya Juu ya jimbo ilimpa uwakili mwaka 2015, akiwa ameshafariki zamani. Unapofuta kizuizi kimoja, soma kifungu chote uone kilichobaki.

Sasa chuo. Machi 1878, siku chache kabla ya muswada wa Foltz kutiwa saini, bunge hilohilo lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo cha Sheria cha Hastings hapa San Francisco, kwa dola 100,000 zilizotolewa na Serranus Hastings, jaji mkuu wa zamani. Foltz alikuwa na leseni, ila alijua elimu ya ofisini ina mapengo, akataka mafunzo kamili. Januari 1879 yeye na Gordon waliomba kujiunga, wakatoa ada ya dola 10. Bodi ya chuo ikapitisha azimio kwamba wanawake wasipokelewe. Basi.

Wakafungua shauri kuomba mandamus, yaani amri ya mahakama ya kumlazimisha mwenye mamlaka atimize wajibu wake, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hawakuiomba mahakama iamue kama mwanamke ana akili ya kusoma sheria. Waliijengea mahakama ngazi fupi: sheria iliyounda Hastings inakifanya kiwe sehemu ya Chuo Kikuu cha California, Chuo Kikuu kinapokea wanawake tangu 1870, kwa hiyo Hastings nacho kinawapokea. Bodi ilijitetea kwamba sheria imeipa mamlaka ya kuendesha chuo. Mahakama ya wilaya ikawapa ushindi Machi 1879, bodi ikakata rufaa. Mahakama ya Juu ya California, katika Foltz dhidi ya Hoge, 54 Cal. 28 (juzuu ya 54 ya ripoti za hukumu za California, ukurasa wa 28), ilisema mamlaka ya kuendesha chuo hayafiki kuwafungia nje watu ambao sheria inawaruhusu kuwemo. Pia ilizisoma pamoja zile sheria mbili za kikao kimoja, ya kifungu cha 275 na ya kuanzisha Hastings: aliyeruhusiwa kuwa wakili hawezi kunyimwa mahali pa kujifunza uwakili.

Wakati shauri linaendelea, Sacramento palikuwa na mkutano wa kuandika katiba mpya, na wanawake hawa hawakulala. Katiba ya 1879 ikapata vipengele viwili: ibara ya 20, kifungu cha 18, kwamba mtu asizuiwe kazi au taaluma halali kwa sababu ya jinsia, na ibara ya 9, kifungu cha 9, kwamba asikataliwe kujiunga na Chuo Kikuu kwa sababu hiyo. Angalia kwamba ni vipengele viwili kwa milango miwili. Leseni haikufungua chuo, na chuo kisingefungua leseni. Hata kwetu Tanzania, shahada ya sheria (LLB) ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, peke yake haikufikishi kwenye orodha ya mawakili. Baada yake kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo.

Rufaa ilipokwisha, mwisho wa 1879, Foltz alikuwa na wateja na watoto wa kulisha, hakuweza kurudi darasani. Ucheleweshaji ulimnyima alichokishinda, na hili linaniuma kila ninapolisoma. Mary McHenry ndiye mwanamke wa kwanza kuhitimu Hastings, mwaka 1882. Foltz chuo kilimpa shahada mwaka 1991, akiwa amefariki tangu 1934.

Njia ya ofisini bado ipo California. Unasoma miaka minne chini ya wakili mzoefu au jaji, saa 18 kwa wiki, angalau saa 5 akikusimamia mwenyewe, mtihani kila mwezi, na baada ya mwaka wa kwanza mtihani wa jimbo ambao huangusha wengi.

Kwa upande wa Tanzania, mtaje Julie Manning: mwanamke wa kwanza kusoma sheria hapo chuoni kwenu, kisha jaji, kisha Waziri wa Sheria mwaka 1975.

Soma kwanza kifungu cha 275 cha zamani na kipya ukiwa umeviweka sambamba, halafu hukumu, ambayo ni fupi. Habari za maisha yake zisubiri mwisho. Wasalimie baba na mama, na bibi mwambie dawa za macho nimeshamtumia.

Shangazi yako