Kwako Baba Neema, kuhusu mswada wako

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama Neema na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa umeme, ambao ndio ningependa kuusingizia kwa kukaa na mswada wako wa kitabu cha kufundisha programu za kompyuta miezi miwili bila kukujibu. Ukweli ni kwamba niliumaliza kitambo, nikakosa namna ya kukuambia nilichokikuta katika ukurasa wa 41.

Hapo umeandika programu ya kutafuta wastani wa alama za majaribio mawili, 71 na 72, na chini yake ukaweka jibu: 71.5. Niliinakili herufi kwa herufi, mabano na nukta-mkato zote, nikaiendesha, ikatoa 71. Nikadhani nimekosea kunakili; nikarudia, ikatoa 71 ileile. Umetangaza vigeu vyote, yaani majina yanayobeba thamani, kuwa namba kamili, na lugha ya programu ya C uliyoitumia ikigawa namba kamili kwa namba kamili huitupa sehemu ya desimali kimyakimya. Maana yake jibu lile hukulipata kwenye kompyuta, ulilipata kichwani mwako. Mwanafunzi anayejisomea peke yake, asiye na mtu wa kumuuliza, hatajua kwamba kilichokosea ni kitabu. Atajiona yeye ndiye mzito.

Sikuandikii ili ubadilishe aina ya kigeu mambo yaishe. Ningekuwa wewe, ile 71 ningeiacha palepale, nimwache msomaji ashangae, kisha nimweleze nusu alama imepotelea wapi. Kernighan na Ritchie, katika kitabu chao cha C cha mwaka 1978, wana programu ya kugeuza nyuzi za Farenhaiti kuwa za Selsiasi, kuanzia 0 hadi 300 kwa kuruka 20. Wanaandika 5.0/9.0, halafu wanaeleza kwamba wangeandika 5/9 wangepata sifuri, na safu nzima ya Selsiasi ingejaa sifuri. Msomaji bado yuko sura ya kwanza, na tayari ameonyeshwa shimo kabla hajatumbukia. Kitabu chenyewe hakifiki hata kurasa 250, ilhali wewe una kurasa 19 za abakasi, kile kihesabio cha shanga, na vizazi vya kompyuta kabla ya mstari wa kwanza wa programu! Abakasi naiheshimu, lakini naomba uipeleke nyuma, kwenye kiambatisho.

Halafu taja wazi toleo la kompaila ulilotumia, ile programu inayotafsiri ulichoandika kwa lugha ya mashine. Unakikumbuka kile kitabu cha Python, lugha nyingine ya programu, nilichonunua mtumba, nikawafundishia vijana? Kiliandikwa kabla ya toleo la 3 la mwaka 2008, kwa hiyo amri yake ya kuchapa haikuwa na mabano ambayo toleo la 3 huyadai, na darasa zima likapokea ujumbe wa kosa katika mstari wa kwanza kabisa waliowahi kuandika. Wawili hawakurudi tena, na lawama naibeba mimi niliyekinunua bila kukijaribu.

Usidhani sikufurahia. Kondakta wako anayedai nauli kiti baada ya kiti hadi abiria waishe ndiyo maelezo bora ya kitanzi, yaani amri zinazorudiwa hadi sharti litimie, niliyopata kuyasoma kwa Kiswahili, na nimeshayaiba darasani. Ndiyo maana ile 71 inaniuma: aliyemwandika kondakta yule hakushindwa kuiendesha programu ya mistari minane.

Sasa niambie: programu nyingine zilizomo, ngapi umeziendesha kwa mkono wako na ngapi umeziandika kwa kuziamini tu? Mchapishaji amekupa hadi lini? Mwalimu wetu wa hesabu ameuona mswada, au bado unamwogopa? Na Jumamosi ya wiki ijayo utakuwepo nyumbani? Nikija na kompyuta yangu, tunaweza kuanzia programu ya kwanza na kuziendesha zote hadi jioni, mradi Mama Neema asiambiwe mapema akahangaika na mapishi.

Ndimi nduguyo,
Baba Tumaini