Jeraha la Beresford lisisahaulike

Mhariri,

Jack Beresford, mpiga makasia wa Uingereza, akitajwa kwenye kurasa za michezo, zinahesabiwa medali zake tu: tano katika Olimpiki tano mfululizo, 1920 hadi 1936, dhahabu tatu na fedha mbili. Tunaomba na mguu wake utajwe, maana bila huo, ukubwa wa kazi yake hauonekani.

Mwaka 1918, akiwa askari wa miaka 19 kaskazini mwa Ufaransa, alijeruhiwa mguuni. Akaachana na raga, akashikilia makasia.

Wengi hudhani huu ni mchezo wa mikono. Sivyo hata kidogo. Kiti cha mashua ya mashindano kina magurudumu yanayoteleza juu ya reli mbili, na nyayo hufungwa kwenye ubao wa kukanyagia. Kasia likishazama, miguu husukuma kwanza, mgongo hufuata, mikono humalizia. Anayetanguliza mikono huishiwa nguvu mapema, na mashua haiendi. Mguu mmoja ukizidiwa na mwenzake, kiwiliwili hupinda, mashua hulalia upande, mpini wa upande huo hukosa nafasi ya kushushwa na kasia hukataa kutoka majini. Hapo mwendo wote umeharibika. Aliyejeruhiwa mguu hana pa kuuficha.

Naye, miaka miwili tu baada ya jeraha, alishindwa na Mmarekani John Kelly kwa sekunde moja katika fainali ya Olimpiki ya Antwerp. Katika Olimpiki ya Paris ya 1924, huko Argenteuil, Mmarekani William Gilmore alimshinda kwenye mchujo. Beresford akapita kupitia mbio za marudio za walioshindwa kwenye mchujo, akakutana naye tena fainali na kumshinda.

Ushindi tunaouheshimu zaidi ni wa Olimpiki ya Berlin ya 1936, huko Grünau, akiwa na miaka 37, pamoja na Dick Southwood. Kocha wao, Eric Phelps, aliona mashua yao ni nzito mno, ikaundwa nyingine nyepesi. Wajerumani Kaidel na Pirsch waliongoza sehemu kubwa ya mita 2,000. Waingereza wakawafikia na kuwapita karibu na mwisho. Ujerumani ilitwaa dhahabu tano kati ya saba za makasia, hiyo ikawaponyoka.

Mwaka 1939, katika mashindano ya makasia ya Henley, Uingereza, Beresford na Southwood walifika sare na Waitaliano wa Trieste. Miezi michache baadaye vita vikaanza tena, na Olimpiki ya 1940 haikufanyika.

Wapenzi wa makasia